UZI: Trauti wa vijito vya Mlima Elgon – samaki unampatia ukingoni, si kwenye fimbo

#1 Mwana wa Mtoni (Bukwo)

Wanajukwaa, salaam.

Nimesoma nyuzi za uvuvi humu kwa muda mrefu. Karibu zote ni za ziwani: ngege (sato), mputa (sangara), mukene (dagaa), nyavu, injini za boti. Ni sawa, huko ndiko waliko wavuvi wengi wa Uganda. Lakini mimi naishi juu, upande wa Bukwo, ambako maji mengi unavuka kwa kuruka mawe, na samaki tunayemzungumzia jioni ni trauti. Huu ni mwaka wa tisa namvua kwa nzi bandia. Nimeona niandike, kwa sababu vijana wawili watatu wameniuliza na kila mara najikuta narudia maneno yale yale.

Kijito ninachovua sitakitaja jina, naomba mnivumilie. Ni maji ya upana wa hatua tatu, nne mahali palipotanuka. Wakija watu kumi wenye pupa Jumamosi moja, hakuna kitakachobaki. Niseme tu kwamba kinashuka kutoka msitu wa hifadhi, kinapita katikati ya mashamba ya mahindi na viazi, kisha kinaingia Suam. Na Suam mnaujua: unatoka ndani kabisa ya kreta ya Elgon, unapasua ukuta wa mashariki, unakuwa mpaka wetu na Kenya, mbele huko unaitwa Turkwel, na mwisho wake ni Ziwa Turkana. Kwa hiyo maji ninayosimama ndani yake asubuhi na vidole vikafa ganzi, siku nyingine yanafika kwenye jangwa la ngamia. Jambo hilo hunigusa kila nikilifikiria.

Trauti si wa kwetu kwa asili. Huyu tuliye naye ni yule wa upinde wa mvua: ubavuni ana ufito wa rangi ya waridi unaoanzia shavuni, na madoa meusi mwili mzima hadi kwenye mkia. Asili yake ni mito inayoingia Bahari ya Pasifiki, huko Amerika Kaskazini na Kamchatka ya Urusi. Waliomleta kanda hii ni wakoloni waliotaka mchezo wa kwao. Upande wa Kenya mayai ya kwanza ya trauti, wale wa kahawia, yalitoka Loch Leven huko Uskoti mwaka 1905 yakapandwa mto Gura, milima ya Aberdare. Baadaye trauti wakasambazwa kwenye milima mingine, na Elgon ukiwemo.

Anachotaka huyu samaki ni maji baridi yenye hewa nyingi. Kati ya nyuzi 10 na 16 za Selsiasi ametulia. Yakipita 20 anaanza kuhangaika, na karibu na 25 anakufa. Ndiyo maana hutamkuta bondeni. Ana mkanda mwembamba tu wa mlima, na mkanda huo unaendelea kuwepo pale tu miti ya ukingoni inapotia kivuli. Hilo nitalirudia.

Sasa kuvua kwenyewe. Mwaka wa kwanza sikupata hata mmoja. Nilikuwa na fimbo nzuri, nimejifunza kurusha kwa kutazama video, mshipi unaruka hewani vizuri kabisa, na kidimbwi kiko tupu. Siku moja mzee anayechunga ng'ombe ng'ambo aliniita. Alikuwa amenitazama kwa wiki kadhaa. Akaniambia, "Kijana, wewe unawapigia hodi." Akanionyesha: akavua gambuti, akainama, akapanda ukingoni polepole akitokea upande wa chini wa mkondo, akakaa nyuma ya kichaka. Tukakaa hapo kimya muda wa kuchemsha chai. Kisha nikawaona. Watatu, mgongo wa kijani kama jiwe lenye ukungu, wamesimama kwenye maji yanayotembea, wanatikisa mkia kidogo tu. Walikuwapo muda wote.

Nilikuja kuelewa sababu baadaye. Trauti hulala akikabili mkondo kwa kuwa chakula kinatoka juu, hivyo ukija kutoka chini unamjia kisogoni. Pili, yeye haoni ulimwengu wa juu kama tunavyoona sisi. Mwanga hupinda unapoingia majini, kwa hiyo anga lote na kila kilicho nje anaviona kupitia duara moja juu ya kichwa chake, lenye upana wa mara mbili na robo hivi ya kina alichopo. Akiwa sentimita 30 chini, duara hilo lina upana wa karibu sentimita 70. Vilivyo karibu na usawa wa maji vinabanwa pembeni kabisa mwa duara hadi vinakuwa utepe mwembamba. Mtu aliyesimama wima anaingia kwenye duara. Aliyepiga magoti anabaki kwenye utepe. Tena ubavuni mwake kuna mstari unaohisi mtikisiko, kwa hiyo buti zito kwenye udongo wa ukingo ni taarifa tosha.

Kwenye ziwa unaweza kukosea mara kumi. Kijito chembamba kina kosa moja tu kwa kila kidimbwi. Mimi sasa nikienda asubuhi, nusu ya muda ninatembea kwa magoti au nimekaa natazama. Kurusha ni sehemu fupi.

Maswali karibuni.

#2 Mbale Kwetu

Kaka, uzi mzuri sana huu. Mimi ni wa bondeni, nimezoea ndoana na nyungunyungu. Hebu fafanua vitu viwili: kwanza, nzi bandia ni nini hasa na kwa nini usitumie chambo cha kawaida? Pili, vifaa. Hapa Mbale sijawahi kuona duka linalouza fimbo ya namna hiyo.

#3 Mwana wa Mtoni

Asante ndugu yangu. Nianze na vifaa.

Katika uvuvi uliouzoea, uzito uko kwenye chambo au risasi, na mshipi unafuata. Huku ni kinyume. Nzi hana uzito wowote, ni manyoya na uzi. Kinachobeba ni mshipi wenyewe, ambao ni mnene na umefunikwa plastiki. Unaurusha nyuma, unasubiri unyooke, unaurusha mbele, na nzi anafuata mwishoni akiwa kwenye nailoni nyembamba ya mita mbili au zaidi. Kwa kijito kama hiki fimbo ya futi 7 inatosha, na mshipi namba 3 au 4. Yangu niliagiza kwa jamaa aliyekuwa anasafiri. Nikaifunga ubavuni mwa bodaboda kutoka Kapchorwa, tukafika karibu na Kapkwata ikagonga mti wa geti, ikakatika vipande viwili. Barabara ya kwenda Suam wakati huo ilikuwa bado ya udongo, si lami ya kilomita 73 tuliyo nayo leo.

Sikuwa na pesa ya kununua nyingine. Nikakata mwanzi. Nyie watu wa Mbale mnaujua mwanzi wa Elgon kwa ajili ya malewa, yale machipukizi yake ya kula, sasa acha mmoja ukomae, ukaushe kivulini miezi miwili mitatu, upate ufito wa futi kumi na ncha nyembamba inayopinda. Funga nailoni nchani, urefu sawa na mwanzi. Hakuna gurudumu la mshipi, hakuna kitu kingine. Nilivua hivyo mwaka mzima na nakuambia kwa moyo wote, ndio mwaka niliojifunza. Huwezi kurusha mbali, kwa hiyo inakulazimu ufike karibu, na ukitaka kufika karibu lazima ujifunze kutembea. Anayeanza, aanze na mwanzi.

Nzi bandia ni ndoana ndogo iliyovalishwa ifanane na mdudu wa majini. Kwa nini si nyungunyungu? Nyungunyungu humezwa hadi tumboni, na samaki mdogo aliyemeza hawezi kurudishwa akaishi. Nzi hunasa mdomoni, pembeni. Ile meno ndogo iliyogeuka nyuma kwenye ndoana mimi huibana kwa koleo mpaka ilale, ndoana ikatoka bila kuchana.

Ninavyofunga: jiliwa niliazima kwa fundi baiskeli, sasa ninalo langu dogo. Nabana ndoana namba 14. Naanza na uzi wa cherehani wa kahawia, nazungusha kutoka kwenye tundu hadi ulipoanzia mpindo. Mkia ni nyuzi tatu nne za unyoya wa kanga. Mwili ni sufu ya kondoo ambayo haijaoshwa. Mafuta yake ya asili yanasaidia nzi aelee, nazungusha kidogo sana kati ya kidole gumba na cha shahada hadi iwe nyembamba kama kiberiti. Juu yake nazungusha waya wa shaba niliotoa kwenye mota ya redio iliyokufa, mizunguko minne, ili mwili uwe na pingili kama za mdudu. Mwisho ni unyoya wa shingo ya jogoo mwekundu: naushika kwa ncha, nauzungusha mara tatu, nyuzi zake zinasimama pande zote, na hizo ndizo miguu inayomshikilia juu ya maji. Fundo, mkasi, basi. Dakika kumi ukiwa mgeni, nne ukizoea. Unyoya wa jogoo wa kienyeji aliyekomaa ni bora, wa kuku wa kisasa ni laini unazama.

Unamfananisha na nani? Inua jiwe. Chini yake utaona wadudu bapa wenye mikia mitatu waking'ang'ania. Hao wakikua hupanda juu ya maji, hupasua ngozi na kusimama na mabawa wima kama tanga la jahazi, na huishi siku moja hivi baada ya hapo. Utaona pia vijumba vidogo vya mchanga kama punje ya mchele, ndani kuna buu. Unayemwona kwa wingi ndiye umfunge. Samaki wa mlimani hachagui sana, lakini anajua kitu kinachosafiri na maji na kitu kinachovutwa na uzi. Nzi aende na mkondo wenyewe. Akiburuzwa, umeshindwa.

#4 Jirani wa Kitale

Ndugu, mimi niko ng'ambo ya Suam upande wa Kenya na ninakubaliana nawe karibu kwa yote. Nongeze mawili. Msimu: Desemba hadi mwanzoni mwa Machi maji ni safi na yamepungua, huo ndio wakati. Mvua zikishaanza mwezi wa nne, Suam unakuwa rangi ya chai ya maziwa na hata samaki hakioni anachokula. Baada ya mvua fupi ya jana yake lakini, maji yakiwa yameanza kusafika, ndipo wanakula kwa nguvu.

La pili sikubaliani nawe kimya kimya. Mimi nakula samaki wangu. Babangu alinifundisha kwamba kumshika kiumbe na kumwachia kwa ajili ya raha yako si adabu. Nachukua wawili, nawatoa matumbo pale pale, chumvi, samli, ugali. Unasemaje?

#5 Mwana wa Mtoni

Mzee wangu, shikamoo. Hilo la baba nalipokea kwa heshima, na mimi pia nakula, mara moja au mbili kwa msimu. Kwenye Suam wenyewe, wawili si kitu. Kwenye kijito changu trauti wa sentimita 25 ni mkubwa na kidimbwi kina mmoja tu wa saizi hiyo, jike mara nyingi. Ndiye anayechimba changarawe kwa mkia na kutaga. Mayai hukaa humo kwenye mawe madogo, na kwa maji ya nyuzi 10 huchukua kama mwezi kuanguliwa. Nikimla yeye nimekula na watoto wake wa mwaka huo. Kwa hiyo nikichukua, nachukua wa kati.

Nikiachia, nalowesha mikono kwanza kwa sababu mkono mkavu unamtoa ute unaomkinga. Simtoi majini nikiweza kuepuka. Namshika akielekea mkondo hadi aondoke mwenyewe. Nina kipimajoto cha shilingi kidogo, kikisoma 19 mchana nafunga fimbo narudi nyumbani. Samaki aliyepigana kwenye maji ya joto anaweza kuondoka mzima na kufa baadaye chini ya jiwe usimwone.

#6 Kasese Moja

Wakuu, swali la kibiashara. Sisi huku Rwenzori tuna mito baridi kuliko yenu. Kwa nini tusilete vifaranga vya trauti tukaviachia juu Nyamwamba au Mubuku? Watalii wanaopanda mlima wangelipa kuvua. Vijana wetu wangepata kazi.

#7 Mwalimu wa Sayansi

Kasese Moja, mwanangu, nakuomba usiwaze hilo hata kidogo, na kisheria huwezi kuhamisha samaki kienyeji. Kumbuka mputa. Alihamishiwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na leo mamia ya aina za nkejje (furu, wale samaki wadogo wa ziwani) zimetoweka au zimebaki chache mno. Trauti wa upinde wa mvua na yule wa kahawia wote wawili wamo kwenye orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani, pamoja na mputa huyo huyo. Mito ya Rwenzori ina vikambare vidogo vya kwenye mawe na wadudu ambao hatujamaliza hata kuwasoma. Ukishamwaga trauti huwezi kumrudisha.

Halafu Nyamwamba! Wewe ni wa Kasese, uliona mafuriko ya Mei 2013 na ya Mei 2020 yalivyosukuma mawe makubwa kama nyumba hadi Kilembe. Kifaranga gani atakaa humo?

#8 Mwana wa Mtoni

Mwalimu amesema ninachoamini. Mimi nampenda trauti, sikatai, lakini hapa Elgon alishaletwa kabla babu zetu hawajaulizwa. Kumtunza aliyepo ni jambo moja, kumpeleka kusikokuwa naye ni jambo jingine. Nampinga mtu yeyote anayetaka kumwongeza hata kwenye kijito cha jirani.

Sasa nisimulie kilichonifanya niandike uzi huu.

Miaka mitatu iliyopita, mwezi wa pili, nilishuka asubuhi nikakuta kaa amelala chali kwenye maji ya kifundo cha mguu. Kaa wetu wa mlimani ni hodari, ukimgeuza anakubana. Huyu miguu ilikuwa inatetemeka tu. Hatua chache mbele, mwingine. Kisha trauti, mdogo wa urefu wa kidole, tumbo jeupe juu. Niliinua mawe. Kwa kawaida jiwe la ukubwa wa sahani lina wadudu kumi, kumi na tano. Siku ile niliinua mawe ishirini sikuona hata mmoja anayetembea.

Watu wa kwanza niliokutana nao walisema ni utupa, kwamba kuna vijana walioponda majani wakatia ili walevye samaki kama zamani. Lakini mwenye utupa hukusanya samaki wake, hawaachi. Nikapanda na kijito. Kama mita mia nne juu kuna mahali ng'ombe hunywa, ukingo umelala, na hapo nikakuta povu kwenye majani, pakiti tupu tatu na alama ya pampu ya kupulizia ikiwa imekaa kwenye tope. Pakiti ziliandikwa saipamethrini. Ni dawa ya wadudu wa shambani, na kwa samaki, kaa na wadudu wa majini ni sumu kali hata ikiwa kidogo sana. Mtu alikuwa amepulizia viazi, akaja kuosha pampu yake kijitoni. Basi. Hakuwa na nia mbaya. Mtoni ndiko kwenye maji, angeosha wapi?

Nilikasirika, siwezi kuficha. Nilitaka kwenda kwake na zile pakiti mkononi. Mke wangu akanizuia, akasema nenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, ukiwa umelala kwanza. Nikafanya hivyo. Mkutano ukaitwa chini ya mti, na mimi sikuzungumzia trauti hata mara moja. Nilileta kaa wawili wafu kwenye ndoo ya njano, ile ndoo ambayo kila nyumba pale inachotea maji ya kunywa. Nikaiweka katikati. Wanawake ndio walioongea siku ile.

Tulikubaliana: pampu haioshwi mtoni. Unachota maji kwa dumu, unaoshea shambani, na maji ya kuoshea unayapulizia palepale kwenye mimea. Hakuna aliyetozwa faini. Aliyefanya alisimama mwenyewe akasema ni yeye, na leo ndiye anayewakumbusha wengine.

#9 Mama Viazi

Mwanangu, nimekusoma mpaka mwisho. Mimi ni mkulima, ninalima karibu na mto huku Kween, na kuna upande wa pili wa maneno. Wanakuja watu wa mazingira wanatuambia tuache mita 30 kutoka mtoni. Mita 30! Shamba langu lote ni nusu eka na ushee. Nikiacha hizo, watoto watakula nini? Samaki wenu wa mchezo?

#10 Mwana wa Mtoni

Mama, shikamoo. Umesema kweli na sitaki kuipita.

Nimepiga hesabu. Mtu mwenye shamba linalopakana na kijito kwa mita 60, akiacha mita 30, ameacha mita za mraba 1,800. Eka ni kama 4,047. Kwa hiyo ameacha karibu nusu eka. Kwako wewe ni karibu shamba zima. Sheria ya kanuni za mwaka 2000 inasema mita 100 kwa mito mikubwa iliyoorodheshwa na mita 30 kwa mingine, na mimi sina mamlaka ya kuipunguza. Ila naelewa kwa nini watu wanalima hadi kwenye maji.

Ninachoona kwetu ni kwamba kuacha si lazima kuwe kutupu. Jirani yangu alipanda matete ya mifugo kwenye ukingo wake wote, anakata kila wiki kwa ng'ombe wake wawili wa zizini, na maziwa yamempa zaidi ya yale mahindi ya ukingoni ambayo kila mwaka yalikuwa yanasombwa. Mwingine amerudisha mwanzi. Mikaratusi ndiyo nisiyoipenda karibu na maji, inakunywa sana na chini yake hakuoti kitu. Na tukumbuke, mama, udongo wa mlima huu ukiachwa uchi unashuka. Maporomoko ya udongo ya Bududa, tarehe 1 Machi 2010, kijiji cha Nametsi. Sihitaji kusema zaidi, sote tulikuwa na ndugu au rafiki wa ndugu.

Hata bila trauti, ningetaka ukingo wenye majani. Ila kusema kweli trauti ndiye aliyenifundisha kuutazama. Kabla yake ningepita bila kuona.

#11 Mama Viazi

Hilo la matete nitalifikiria. Mbegu mnapata wapi?

#12 Mwana wa Mtoni

Si mbegu mama, ni vipande vya shina vyenye macho matatu, unavilaza kwa pembe, macho mawili ndani ya udongo. Nitakuletea gunia. Nitumie ujumbe wa faragha.

#13 Mbale Kwetu

Kaka, kibali je? Nisije nikakamatwa na askari wa hifadhi.

#14 Mwana wa Mtoni

Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon huingii na fimbo bila idhini ya UWA (Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda), usijaribu. Nenda ofisini kwao uulize kabla. Nje ya hifadhi anza na ofisa wa uvuvi wa wilaya, kisha mwenyekiti wa LC1, kisha mwenye shamba unalopita. Mimi huwa namalizia na yule mzee mchungaji, ingawa hana cheo chochote.

#15 Jirani wa Kitale

Na usubi? Huku kwetu wanauma vibaya karibu na maji.

#16 Mwana wa Mtoni

Mzee wangu, vaa mikono mirefu. Elgon ilikuwa na upofu wa mtoni, watu wengi wa upande wa Mbale walikunywa dawa ya ivamektini kwa miaka. Na hapa kaa anaingia tena: kiluwiluwi cha usubi wa mlimani, Simulium neavei, hukua akiwa ameng'ang'ania mwilini mwa kaa wa mtoni. Nilipojifunza hilo nilikaa kimya muda mrefu. Yule yule kaa ninayemhesabu kufurahia maji safi ndiye aliyembeba mdudu aliyewapofusha wazee wetu. Kazi kubwa imefanyika kuukomesha ugonjwa huo, na imefanyika kaa wakiwa bado wapo.

#17 Mwana wa Mtoni – nyongeza, baada ya wiki mbili

Nimerudi kuwapa habari kama nilivyoahidi baadhi yenu faraghani.

Jumamosi nilikwenda na mpwa wangu, ana miaka kumi na moja, na mwanzi wake mwenyewe. Maji yalisoma nyuzi 13 saa moja asubuhi. Kabla ya kuvua tuliinua mawe kumi pale pale palipokuwa na wafu. Alihesabu yeye kwa sauti: wadudu bapa themanini na sita, vijumba vya mchanga vingi hakuvimaliza, kaa watatu. Mmoja alimbana kidole na hakulia.

Tulipanda kwa magoti hadi kidimbwi chenye mzizi uliojitokeza. Nilimwambia aangushe nzi pale povu linapotengana na maji tulivu, si kwenye povu lenyewe. Mara ya kwanza nzi aliburuzwa. Mara ya pili mti ulimshika. Nikampandia nikamtoa, tukakaa tena chini tusubiri maji yatulie, nadhani dakika kumi na tano, mtoto wa miaka kumi na moja, hakusema neno. Mara ya tatu nzi alitembea na maji kama jani. Nikaona kivuli kikipanda kutoka chini ya mzizi, bila haraka, kinywa cheupe kikafunguka, na nzi hayupo.

Alivuta kabla ya wakati. Samaki akaenda.

Ameniomba twende tena Jumamosi ijayo, na shingo ya jogoo imeniishia. Mwenye jogoo mwekundu aliyekomaa anayechinjwa wiki hii soko la Bukwo, aniwekee manyoya, nitayanunua.